Kadi ya Nyota na Mwito wa Tatu

Ukitaka kumwita Mashavu, jiandae kumwita mara tatu. Mara ya kwanza amekusikia. Mara ya pili amekusikia vilevile, na mkono wake umesimama pale ulipo, uwe kwenye mwiko au kwenye koni ya hina. Mpaka itimie ya tatu ndipo utaambiwa, "Abee!" kwa sauti nzuri ya mtu asiye na hatia yoyote. Majirani zake wa mtaa wa Bani Malik, Jeddah, walikwisha mzoea. Madam wake wa mtaa wa Rawdah, ambaye mabinti zake wote walipambwa na Mashavu siku za harusi zao, hakumzoea hata kidogo. Alikuwa akipiga kelele kutoka ghorofani, "Ya Mashavu! Masikio mafi?" Masikio yalikuwepo. Yalikuwa yanahesabu tu.

Mumewe, Mselem, dereva wa teksi ya kuchangia hapo hapo Bani Malik, alikuwa na utani wake kwa jambo hilo, na hakuchoka kuurudia.

"Siku ukiingia kaburini, malaika wakija kukuuliza, nao utawangojesha mpaka mara ya tatu?"

"Wao nitawaona," Mashavu alijibu. "Ninayemwona namwitika mara moja."

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wenyewe. Mama yao, Kikwajuni, Unguja, aliwalea Mashavu na dada yake Mwanamize kwa sheria moja isiyokuwa na mjadala: ukiitwa na sauti na mwenyewe humwoni, usiitike mbio. Mtu huita mara tatu. Asiye mtu huita mara mbili, ya tatu haiwezi, na ukimwitika kabla umempa njia ya kuingia. Wale watoto wawili waliifanya kuwa mchezo. Mwanamize, aliyekuwa mkubwa, alijificha nyuma ya mlango wa chumba cha nje akaita mara mbili kwa sauti ya kukwaruza, kisha akanyamaza kimya. Mashavu alisimama uani, vinyweleo vimemsimama, akingoja. Ikija ya tatu, walikumbatiana wakacheka mpaka wakafukuzwa.

Mwaka wa sitini na nne ukaja na mambo yake. Baba yao aliondoka na Mashavu, ambaye bado alikuwa msichana mdogo. Mwanamize alikuwa keshaolewa, akabaki, na mama akabaki naye. Mashavu akakulia Jeddah, akajifunza kuchora hina na piko, ile rangi nyeusi, kwa mwanamke mmoja wa Lamu, akaolewa na Mselem, Mzanzibari mwenzake, akazaa mtoto mmoja, Jabir. Dada yake alimwona mara chache sana, na kila mara waliagana wakijua hawajamaliza hata nusu ya maneno.

Kisha mama akafa, na hapo ndipo palipoharibika. Mashavu alitaka kwenda mazikoni. Lakini paspoti zao zilikuwa zimefungiwa na kafili wa Mselem, Msaudia aliyemdhamini, na kafili mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda kupunga upepo nchi za baridi. Alipokuja kurudi, hata arobaini ilikuwa imepita. Haya yote ni rahisi kumwelewesha mtu aliyewahi kuishi kwa ikama, kibali cha ukaazi kilicho mikononi mwa kafili. Mwanamize hakuwahi. Alichojua ni kwamba alimzika mama yao peke yake. Akamtuma haji mmoja alete salamu: "Mwambieni Mashavu kuwa miye sasa ni mtoto wa pekee." Tangu hapo hazikwenda barua, hazikuja barua. Na kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, watu wakianza kutakana radhi, Mashavu alilia jikoni kwa kisingizio cha vitunguu. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: asikie kwa masikio yake dada yake akisema, "Nimekuwia radhi." Radhi ya karatasi hakuitaka. Karatasi haina pumzi.

*

Mafuta yalipopanda bei upya, Jeddah yote ilikuwa kama nyumba inayopakwa chokaa mkesha wa sikukuu. Kila ukuta ulivunjwa ujengwe mwingine. Harusi za Rawdah zikawa kubwa, mikono ya kuchorwa ikawa mingi, na vitu vizima vikatupwa kwa sababu tu vipya vimekuja. Ndivyo Mashavu alivyopata kompyuta. Baada ya harusi ya binti wa mwisho, madam alimwonyesha lile dude sebuleni akamwambia, "Yalla, lichukue. Wasichana wamenunuliwa jipya." Mselem alilibeba kwenye teksi, abiria wakalipakata.

Jabir, mwanawe, alikuwa karani wa kampuni ya ujenzi huko Riyadh, akipanga chumba na wenzake mtaa wa Murabba. Alikuja na basi siku ya Idi, akaliunga lile dude kwenye waya wa simu ya nyumbani, akakwangua kadi aliyokuja nayo, yenye picha ya njiwa, akabonyeza. Simu ikapiga yenyewe, bila mkono wa mtu, kisha ikaanza kupiga mbinja na kukoroma. Mashavu akarudi nyuma.

"Nani huyo?"

"Si mtu, mama. Ni mashine hizo zinasalimiana."

"Zinasalimiana nini kwa sauti hiyo?" akasema Mashavu, na akasoma aya moja kimoyomoyo. Hakuipenda sauti ile siku ya kwanza, na hakuipenda mpaka mwisho.

Jabir alikuwa amekwisha panga mambo. Binti wa Mwanamize, aitwaye Wahida, alikuwa akienda kwenye duka moja la intaneti pale Darajani, na Jabir aliwahi kuandikiana naye. Nyumbani kwa Mwanamize hapakuwa na simu. Ilikuwepo ya jirani, lakini simu ya jirani ilikuwa ya misiba. Ikilia kutoka ng'ambo, watu hutoka nje wakaanza kulia kabla haijanyanyuliwa. Dukani ilikuwa afadhali, mtu angeweza kukaa na kuzungumza. Wakaahidiana Alhamisi baada ya alasiri, na kwa bahati nzuri alasiri ya Jeddah na ya Unguja zinakaribiana.

Siku hiyo Mashavu alivaa nguo yake nzuri, kana kwamba spika zina macho. Zikakwaruza. Kisha ikatoka sauti, mbali, nzito kidogo, yenye kikohozi pembeni.

"Mashavu!"

Jabir akamtazama mama yake. Mama yake ameshika meza.

"Mashavu!"

"Jibu, mama!" Jabir akanong'ona.

"Mashavu!"

"Abee!" akajibu, na machozi yakamtoka. Kule upande wa pili kikatoka kicheko kile kile cha nyuma ya mlango, kikikatizwa na kikohozi. "Bado unahesabu wee," akasema Mwanamize. "Ningekwita mara mbili ningekukosa!"

Walizungumza mambo ya kipuuzi kabisa: bei ya nazi, nani kaolewa, paka wa zamani aliyekula kitoweo cha wageni. Mashavu alipojikaza akaanza, "Dada, kuhusu mama..." Mwanamize akamkata. "Hilo lipo. Na miye nina langu. Lakini hapa dukani vijana wamejaa, na si neno la kukimbilia. Siku nyingine tukae kitako." Wakati huo huo kadi ya njiwa ikaisha, sauti ikapotea, na Mashavu akabaki ameishika meza kama mtu aliyeshushwa njiani.

*

Jabir akarudi Riyadh, na Mashavu akabaki na kazi ya kutafuta kadi. Alikwenda kwa Myemeni wa duka la chini, ambako kadi za intaneti zilitundikwa kwenye uzi pamoja na pakiti za pilipili manga. Za kampuni nyingi, kila moja na picha yake. Njiwa ilikuwa ghali, na saa zake chache. Pembeni yake palikuwa na kadi yenye nyota, nusu ya bei na saa mara dufu. Myemeni akaisifu kadi ya nyota mpaka povu likamtoka.

Mashavu hakununua siku ile. Si mtu wa kununua kwa kusifiwa. Alipanda ghorofa ya juu kumuuliza Mueni, nesi wa Kikenya aliyekuwa akiandikiana na watoto wake Machakos kwa mtandao.

"Mama Jabir, hiyo ya nyota iko cheap sana," Mueni akasema, "lakini line inakatika vibaya. Na sauti inachelewa. Unaongea, halafu unajisikia mwenyewe ukirudi. Mimi iliniogopesha, nikawachana nayo."

Akampigia Jabir simu Riyadh. Jabir akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya juu zaidi. Hapo Murabba wenzake waliinunua wakaijutia. "Mama, chukua njiwa. Saa chache lakini za kweli."

Sasa hapa ndipo mtu hupata hasira na Mashavu, na mimi hasira hiyo ninayo. Mwanamke huyu katika kazi yake hakununua kitu rahisi maisha yake yote. Piko la bei ya chini hakuligusa, kwa sababu alijua linavyounguza ngozi, na alisafiri mji mzima kutafuta hina safi, akaipima kwanza mkononi mwake mwenyewe. Rahisi ghali, alikuwa akiwaambia wasichana. Na mtu huyo huyo akashuka chini akanunua kadi ya nyota.

Lakini tumsikilize na yeye. Njiwa ilimkatia pale pale alipotaka kufungua mdomo. Dada yake kasema si neno la kukimbilia. Maneno ya miaka yote ile hayaingii kwenye saa za njiwa. Alitaka wakae kitako, wakohoe, wanyamaze, waanze tena, hata mmoja akitaka kulia alie mpaka amalize. Alinunua saa nyingi kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema. Hilo ndilo lililomponza.

*

Alhamisi ya kwanza ya kadi ya nyota, mashine zilisalimiana kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama mahasimu. Kisha sauti ikaja.

"Mashavu!"

Akangoja.

"Mashavu!"

Akavuta pumzi, tayari. Ya tatu haikuja. Kitu kilikatika ndani ya waya, na simu ikarudi kwenye mlio wake mrefu wa upweke.

Alijaribu tena, akaunganishwa, na safari hii akaita yeye. "Mwanamize!" Sauti yake ikaondoka, ikakaa huko ilikokaa, ikarudi kwenye spika imebadilika kidogo, imekauka. "Mwanamize." Akaita ya pili, nayo ikamrudia. Kabla ya ya tatu, waya ukakatika. Huko Darajani Mwanamize naye alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta akingoja ya tatu, kwani walilelewa nyumba moja. Dada wawili, kila mmoja akimheshimu mama yake, na katikati yao kadi ya nyota.

Ikawa hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi. Miito miwili, kukatika. Mara moja moja sauti ilipita ikatimia, wakawahi kusalimiana na kuulizana hali, kisha kimya. Mselem alikasirika kuliko mkewe.

"Itika ya kwanza, mwanamke! Unajua ni yeye!"

"Ulimi haukubali, Mselem. Nimejaribu. Najiambia nitaitika, ikija sauti najikuta nahesabu."

"Basi ibadilishe hiyo kadi."

"Ina saa nyingi bado. Kuitupa ni israfu."

Kisha ikaja siku iliyomnyamazisha Mselem. Haikuwa hata Alhamisi. Mashavu alikuwa amewasha ili asome kama Wahida ameandika lolote, na Mselem yuko sebuleni anakunywa chai kabla ya kurudi barabarani. Jua bado kali dirishani. Spika zikatoa sauti ya kitu kinachoburutwa.

"Mashavu!"

Ilikuwa karibu. Haikuwa na mwangwi wala kikohozi. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Mashavu!"

Mselem akaweka kikombe chini. Walingoja wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Mselem alingoja naye. Ya tatu haikuja. Waya haukukatika pia. Taa ya ile mashine ilikuwa inawaka, njia ilikuwa wazi, na upande wa pili palikuwa na ukimya wa mtu aliyesimama. Mwishowe Mselem akanyanyuka akauchomoa waya ukutani.

Kesho yake Mashavu akamwandikia Wahida, kidole kimoja kimoja: Jana mlikuja dukani? Jibu likaja: Hatukuja mama mdogo. Jana umeme haukuwepo mji mzima, duka lilifungwa toka asubuhi.

Akampigia Jabir. Jabir akasema ni mabaki, sauti ya siku nyingine iliyokwama kwenye mashine za kampuni, kampuni rahisi ndivyo zilivyo. Aliyasema haraka haraka.

"Sauti ya siku gani?" Mashavu akamuuliza. "Ile ilikuwa ya dada yangu hajazaa mtoto hata mmoja. Siku hiyo kulikuwa na kompyuta?"

Jabir akamwambia tena anunue njiwa. Mashavu akaahidi atanunua, zikiisha zile za nyota. Na moyoni akaifunga ile sheria fundo la pili. Mama yao hakukosea. Kumbe ndani ya waya nako wapo. Kwa hivyo mwito wa pili, uwe wa nani, hatauitika.

*

Alhamisi iliyofuata alitoka Rawdah mapema, vidole bado vina harufu ya hina na mafuta ya mkaratusi. Mselem alimleta kwa teksi, akapanda naye juu. Hakusema kwa nini, na Mashavu hakumuuliza. Alifurahi tu kwamba yuko.

Mashine zikasalimiana. Zikakubaliana upesi, jambo ambalo kwa kadi ya nyota halikuwa la kawaida. Spika zikakwaruza, kikasikika kiti kikiburutwa, sauti ya mwanamke ikisema "taratibu, taratibu," kisha pumzi. Pumzi nyingi, fupi fupi.

"Mashavu."

Sauti ya mtu mzima. Nzito, ina kikohozi ndani yake. Mashavu alilijua hilo. Masikio yake yalimwambia kabisa: hii si ile ya juzi.

Pumzi zikaendelea. Ikapita muda.

"Ma... Mashavu."

"Itika," Mselem akasema polepole. "Mke wangu, nakuomba. Itika."

Mashavu alifungua mdomo. Akaona mlango wa chumba cha nje, Kikwajuni. Akaona ile taa ya mashine inawaka na ukimya wa yule mwingine umesimama nyuma yake. Akatikisa kichwa. Ya tatu, akasema moyoni, dada nipe ya tatu tu, nitakuitika na nitakulilia miguuni. Njia haikukatika. Siku zote ilikatika, siku ile haikukatika. Walisikia pumzi, wakasikia kiti tena, wakasikia nyayo nyingi zikienda mbali na kipaza sauti, na kijana wa duka akimwita mteja mwingine. Hapo ndipo ilipokatika.

Siku ya Ijumaa, Mselem ametoka msikitini, simu ya nyumbani ikalia. Mashavu aliinyanyua ilipolia mara ya tatu, kama desturi yake. Alikuwa Wahida, na nyuma yake watu wanalia, na Mashavu akajua hiyo ni simu ya jirani, ile ya misiba.

"Mama mdogo, mama ametutoka. Alfajiri ya leo."

"Innalillahi," akasema Mashavu. Akakaa sakafuni. "Alikuwa mgonjwa? Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema wewe uko ugenini, nisikutie wasiwasi." Wahida akalia, kisha akajikaza, kwa sababu alikuwa na jambo la kufikisha. "Jana tulimbeba kwa kiti mpaka dukani. Alisema lazima. Alisema amekukosea, mama mdogo, kwa yale maneno aliyokutumia kwa haji, na hawezi kwenda nayo. Alikuita mara mbili, pumzi ya tatu hakuipata. Tukasubiri. Njiani kurudi akasema..."

"Kasema nini?"

"Akasema, 'Hakuniitika. Hajaniwia radhi.'"

Mashavu hakulia pale pale. Aliushikilia mkono wa simu sikioni muda mrefu, ingawa Wahida alikwisha kata. Miaka yote aliyolia jikoni akitaka kuwiwa radhi, ilikuwa yeye ndiye anayeombwa. Neno moja lilikuwa mdomoni mwake, na alilibania.

*

Jabir alikuja kutoka Riyadh kwa ajili ya hitima. Alileta kadi ya njiwa mfukoni. Alikuwa ameinunua kabla ya habari kumfikia. Mama yake aliitazama akasema, "Nimpigie nani?" na Jabir akaona haya mpaka machozi yakamlenga. Akauchomoa waya wa simu kutoka kwenye kompyuta, laini ibaki ya simu peke yake, maana watu wa kutoa pole walikuwa wengi. Waya wenyewe, ule mweusi, aliuzungusha akauweka juu ya kabati.

Baada ya siku kadhaa wageni wakapungua. Alasiri moja Jabir aliliwasha lile dude ili afute mambo yake kabla ya kumpa mtu, kwa sababu Mashavu alisema halitaki tena nyumbani. Mselem alikuwa kwenye kiti chake. Mashavu alikuwa amemaliza kusali, anakunja msala.

Spika zikakwaruza.

Jabir akatazama nyuma ya kompyuta. Hapakuwa na waya wa simu. Akatazama juu ya kabati, na waya ulikuwa pale alipouweka.

"Mashavu."

Sauti ya mtu mzima, yenye kikohozi. Haikuwa na haraka wala kuhema tena. Ilikuwa ni ya mtu aliyepumzika kwanza, ndipo akamalizia.

Mselem akasimama. Rangi ilikuwa imemtoka. Yeye aliyemcheka miaka yote, aliyemsihi aitike, akamshika mkewe mkono. "Usiitike," akanong'ona. "Mashavu, wallahi usiitike. Ni mmoja huo. Ngoja."

"Si mmoja," Mashavu akasema. "Miwili aliita Alhamisi. Huu ni wa tatu."

Akauweka msala juu ya kiti, akaitengeneza kanga kichwani kama mtu anayeingia kwa mkubwa wake.

"Abee, dada," akasema. "Nimekuwia radhi. Nilikuwa nimekuwia radhi zamani. Nami niwie."

Spika zilikaa kimya. Jabir alisubiri mpaka akachoka, akazichomoa kwenye umeme, akalibeba lile dude mpaka chini, na hakumpa mtu yeyote. Aliliacha kwenye pipa la takataka la mtaa na asubuhi halikuwepo.

Siku hizi Mashavu huitika mwito wa kwanza. Madam wa Rawdah amefurahi sana, anasema Mashavu ametibiwa masikio. Lakini mara nyingine alasiri, akiwa peke yake jikoni, Mselem humsikia akisema "Abee" na hakuna aliyeita. Zamani angemtania. Sasa huzima redio, akaingia jikoni, akavuta kigoda karibu naye, akaanza kumenya vitunguu.